Aliyezaliwa Siku ya Wafu

Hapa Eretria, bandari ya Wayunani, hakuna mtu anayepika lami ikashika kama yangu. Ulizeni bandarini. Merikebu za mji huu zinaelea kwa hisani ya mikono hii, na mitungi ya divai haivuji kwa sababu hiyo hiyo. Shuleni nilikaa kidogo tu. Mwalimu alikufa kabla sijamaliza herufi, na wenye wivu wanasema nilimuua kwa maswali. Lakini lami naijua, na ninayowasimulia niliyashuhudia nyumbani kwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Siku ile ilianza kama siku zote za wafu zinavyoanza. Sikukuu ya divai mpya ilikuwa imefika siku yake ya tatu. Walevi wa jana walikuwa wakijikokota, mahekalu yamezungushiwa kamba yasiingiwe. Nilitafuna majani ya mwiba ya kujikinga na wafu kama kila mtu, machungu kama ulimi wa mama mkwe, kisha nikapita mtaani na ndoo yangu kupaka milango. Wafu hutembea kutwa nzima siku hiyo, na mzimu haupiti penye lami. Unanasa kama nzi. Jua likizama, mwenye nyumba huwafukuza kwa sauti, nao hurudi kwao. Kabla ya hapo hakuna kinachoanzishwa. Hakuna kuozesha, hakuna kuuza, hakuna kumpa mtoto jina.

Jirani yangu Eukoline, mjane wa miaka mingi, alinisimamisha mlangoni kwake.

"Wewe mpika lami, paka na kizingiti. Paka kama unapaka merikebu."

"Bibi, nikizidisha hata wewe hutatoka."

Hakucheka. Nikajua kuna jambo.

Mwanawe wa pekee, Lisanias, alikuwa amesafiri kwenda Thrakia kuleta mbao, chombo kikazama. Mwenzake aliyeokoka aliapa kuwa alimwona maji yakimfunika. Mwili haukupatikana. Basi tulifanya kama ipasavyo: tukatandika kitanda kitupu, wanawake wakakata nywele, tukafukia kaburi lisilo na mfupa na kumwita jina mara tatu ili apumzike. Mimi nililia kuliko ndugu zake, kila mtu alisema.

Halafu, siku chache kabla ya sikukuu, akarudi. Kwa miguu, mchana kweupe, amekonda, ndevu hadi kifuani.

Msishangilie bado. Kwetu, mtu aliyekwisha kuliliwa matanga si mtu tena. Haingii hekaluni, haingii nyumbani, mkewe si mkewe, mpaka azaliwe upya: aogeshwe kama kichanga, aviringishwe nguo za kichanga, anyonyeshwe, kisha aitwe jina. Hapo ndipo anahesabika yu hai. Kuhani alisema asubiri sikukuu ipite. Kwa hiyo Lisanias alikuwa akilala kwenye kibanda cha kukaushia tini, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Shida ilikuwa mkewe, Aristilla. Kaka yake alikuwa amekwisha kumwahidi mwanamume wa Kalkida, mji jirani, na mkokoteni wa kumchukua ulikuwa unafika kesho yake alfajiri. Kaka mtu alisema waziwazi: maiti hana mke.

"Azaliwe leo," Eukoline alininong'oneza. "Mkeo ana maziwa. Niazime."

"Leo? Siku hii ya leo?"

"Si wewe unayejigamba kwamba lami yako hata nzi hapiti? Sasa nani ataingia?"

Ningesema nini? Najigamba hivyo kweli.

Mke wangu Filinna alikuwa na binti yetu mchanga kabisa. Akamwacha kwa dada yake, akaja huku akinung'unika. "Mimi na mandevu yale? Akiniuma namzika mara ya pili." Tukacheka wote, hata Aristilla. Ndani ya nyumba ile sijasikia tena mtu akicheka.

Lisanias aliitwa. Akaja hadi mlangoni, akautazama, akasimama.

"Siwezi kupita," akasema taratibu.

"Ndiyo, mwanangu," mama yake akamjibu. "Kichanga hakiingii kwa miguu yake."

Jibu zuri. Sote tuliliona zuri.

Nikaweka ngazi ukutani, naye akapanda nyuma yangu. Nikaondoa vigae vya paa, nikamfunga kamba kwapani, nikamteremsha ndani, kisha nami nikaingia. Mimi huyu ninayebeba mitungi miwili ya lami kwa mpigo nilikaribia kuanguka naye. Mtu mifupa mitupu, lakini mzito kama tanga lililolowa.

Maji ya kumwogeshea yalikuwa ya moto. Nilimwona Aristilla akiyapima kwa kiwiko. Yalipomgusa mumewe yalipoa. Papo hapo.

Wakamkausha, wakamviringisha vitambaa kuanzia miguuni hadi shingoni, wakafunga mafundo. Filinna akaketi, akampakata kichwa. Desturi ni nyepesi: midomo inagusa titi, mtu analia kama kichanga, mama anamwita, basi, kazi imekwisha.

Midomo ikagusa.

Akanyonya.

"Inatosha, shemeji," Filinna akasema.

Hakuachia.

"Lia, mwanangu," Eukoline akanong'ona. "Lia ili tukuite."

Hakulia. Macho yalikuwa wazi, yametazama juu, kwenye tundu la paa nililolitoboa mimi. Nuru pale ilikuwa inageuka kuwa nyekundu. Eukoline aliiona. Akashindwa kungoja.

"Lisanias!"

"Naam, mama."

Sauti ilikuwa yake. Lakini ilitoka nje.

Mlangoni.

"Mama, nimefika. Mbona mlango umeninasa?"

Aristilla akajiziba mdomo. Sauti ile ikamwita yeye pia. "Tilla. Tilla wangu, fungua."

"Ni yeye," akanong'ona. "Hakuna mwingine anayeniita hivyo."

Hapo yule wa ndani akaanza kutokwa na machozi. Bila sauti. Yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na macho yake yakahama kutoka kwenye paa yakamtazama mama yake, kama mtoto anayejua ataachwa.

Mtaani kelele zilikwisha kuanza. Nyumba ya kwanza bondeni, kisha iliyofuata. "Tokeni, mizimu! Sikukuu imekwisha!" Zilipanda kilima kuja kwetu, mlango kwa mlango. Aliyebaki ndani ya nyumba bila kufukuzwa jua likizama, atakaa humo mwaka mzima. Hilo hata mtoto anajua.

"Mama mkwe, piga kelele," Aristilla akamsihi.

"Nimfukuze nani?" Eukoline akamjibu. "Nimeshamzika mara moja. Mmoja kati ya hawa ni wangu. Sijui ni yupi."

Nikapiga mimi. Nina sauti, jamani. Nikimwita punda wangu, ng'ombe wa ng'ambo ya mlango wa bahari wanageuka. Haikusaidia. Nyumba haikuwa yangu.

Nikamshika yule mtu kichwa nimvute. Kilikuwa kama kimepigiliwa.

"Baba watoto," Filinna akaniambia polepole, "nasikia baridi." Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. "Ananimaliza."

Eukoline akamtazama mke wangu. Akamtazama yule aliyeviringishwa. Akautazama mlango, ambako mtu alikuwa akikwaruza ubao kwa kucha, taratibu, huku akimwita mama.

Akavuta shela akajifunika kichwa, kama siku ya matanga.

Akapiga kelele.

"Tokeni! Tokeni nyote! Sikukuu imekwisha!"

Kukwaruza kukakoma.

Filinna akaanguka ubavu. Mapajani mwake vilibaki vile vitambaa, vimeviringishwa vizuri, vina umbo la mtu, na mafundo yote yamefungwa. Ndani hamkuwa na mtu. Nikafungua mlango kwa bega. Nje hapakuwa na mtu, na vumbi halikuwa na unyayo.

Mkokoteni wa Kalkida ulifika alfajiri. Aristilla alipanda bila kubishana. Kaka yake aliuliza kama kuna neno, tukamwambia hakuna.

Eukoline hakutoka kumuaga. Yuko hai bado, anasokota sufu uani, hamtazami mtu. Mara moja tu aliniuliza, "Wewe ulimshika. Alikuwa na mapigo?" Nikainua ndoo yangu nikaenda zangu. Labda wote wawili walikuwa wafu. Labda mmoja alikuwa mwanawe mzima, mwenye damu, naye akamtoa duniani kwa mdomo wake. Hatajua. Atakufa hivyo hivyo, bila kujua.

Filinna alipata nguvu baada ya siku kadhaa, akamchukua binti yetu amnyonyeshe. Jioni akanijia, ameloweka ncha ya kidole kwa maziwa yake, akanisogezea mdomoni nionje.

Chumvi. Maji ya bahari matupu.

Tukaleta mnyonyeshaji mwingine, mwanamke mnene, msafi, maziwa matamu. Mtoto akageuza uso. Tukampa ya mbuzi, akatema. Anayataka yale ya mama yake tu, na anayanyonya kwa pupa, na kila anaponyonya, chumba kizima kinanuka mwani.