Mchuzi Mwekundu wa Mzee Donat

Asubuhi ukungu hutoka ziwani na kupanda mpaka mtaa wa Mbabazi, juu kidogo ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Rwanda na Congo. Huoni mji wa Goma ng'ambo ya mpaka, huoni ziwa. Unasikia tu sauti za watu wanaokwenda mpakani na mizigo yao, kama vile wanatembea ndani ya pamba. Mbabazi aliipenda sana saa hiyo. Alibandika sufuria ya maharage kwenye jiko la makaa, akakaa kwenye kigoda, na mawazo yake yakaenda anakojua mwenyewe. Mara nyingi yalikawia kurudi, na maji yakakauka.

Hapo alishtuka, akachota maji ya baridi kwenye ndoo, akayamimina yote kwa mkupuo. Chwaa! Sufuria ikanyamaza. Maharage yakaanza safari upya, na makaa yakazidi kuisha.

Mume wake, Niyigena, alikuwa mfanyabiashara mdogo wa maharage pale Petite Barrière. Kila jioni alirudi na yale yaliyobaki ndani ya magunia, chini kabisa. Yalikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kulikuwa na meupe, mekundu, na ya madoadoa. Kulikuwa na ya Masisi, ng'ambo, na ya Nyundo, hapa karibu, ya mwaka huu na ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka tena. Yote yaliingia sufuria moja. Yakiiva, nusu yalikuwa uji na nusu yaligonga meno.

Niyigena alikula bila neno. Mtu aliyeshinda mpakani na njaa hachagui. Shida ilikuwa kwa baba yake, Mzee Donat. Mzee alikuwa amebaki na meno machache, na tumbo lake lilikuwa na hasira za karibu. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani.

"Asante, mama. Nimeshiba."

"Baba, hujala kitu!" alisema Mbabazi.

"Nimekula na macho," alijibu mzee, akacheka kidogo.

Lakini shati lake lilikuwa linazidi kuwa pana. Mbabazi alilifua, kwa hiyo alijua.

Mchana, jua likitoka, mzee alikaa uani kwenye kiti chake akasinzia. Alipoamka, uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyetoka kutembelea ndugu.

"Nimeota tena Cansilde," alimwambia Mbabazi siku moja. Cansilde alikuwa marehemu mke wake. Walikuwa wameishi miaka mingi Masisi, kule Congo, kabla ya kurudi Rwanda. "Alikuwa anapika maharagi. Ile ya madoadoa. Muchuzi yake ilikuwa nyekundu, nzito. Arufu ikaniita, nikakaribia na sahani yangu. Njo nikaamuka."

"Ungekula kwanza, ndiyo uamke," Mbabazi alimtania.

"Ni kweli, mama. Nilikuwa na mbio ya nini?"

Wote wawili wakacheka. Lakini jioni ile simu ililia. Alikuwa Bruce, mtoto mkubwa wa mzee, anayeishi Kigali. Alikuwa amesikia kwamba baba anakonda. Alisema atakuja Jumapili na gari, amchukue mzee akakae kwake.

Mzee hakukataa. Alisema tu, "Bon. Kama ni vile."

Mbabazi alikulia Karagwe, Tanzania, kwa shangazi yake. Baba yake alifariki kabla mtoto hajajua kutamka neno "baba". Alipoolewa, akamwita Mzee Donat kwa neno hilo kwa mara ya kwanza, na mzee akaitika, alikwenda jikoni akalia kwa furaha. Sasa baba huyo anaondoka, na anaondoka kwa sababu ya sufuria yake. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni.

"Nitampikia ule mchuzi mwekundu," alijiambia. "Nitautoa ndotoni nimpe."

Kesho yake alinunua nyanya nyingi, mbivu kabisa. Alizikatakata zote, akazitia sufuriani pamoja na maharage makavu. Akakamulia ndimu pia, ili mzee apate hamu. Alipika tangu ukungu wa asubuhi mpaka jua lilipoanza kuelekea Goma. Mchuzi ulikuwa mwekundu, wa kupendeza macho. Alimwekea mzee sahani akasimama pembeni, anangoja.

Mzee alitafuna mara moja. Akashika shavu.

"Baba?"

"Si kitu, mama. Si kitu."

Alijikaza, akameza machache kwa ajili ya Mbabazi. Baadaye tumbo lilimsumbua, akaenda kulala na njaa. Mbabazi alirudi jikoni, akakaa karibu na sufuria, na machozi yakamtoka.

"Mama Cyuzuzo!" sauti iliita kutoka ng'ambo ya ua. Majirani walimwita hivyo kwa jina la binti yake mdogo. "Ile ni moshi ao ni machozi?"

Alikuwa Viateur, jirani yao, mpishi wa arusi. Ukiona arusi hapa Rubavu na watu wanarudia sahani, uliza kama Viateur yuko jikoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani, na hakuwa na haya ya kuchungulia sufuria za watu. Aliingia, akafunua mfuniko, akachukua punje moja ya maharage. Akaitupa ukutani.

Tok!

"Mama, ile ukuta iko na bahati haikuvunjika," alisema.

Mbabazi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka huku analia. Akamweleza yote: ndoto ya mzee, simu ya Bruce, nyanya na ndimu. Viateur alivuta kigoda akakaa.

"Donc, sikiliza. We haukukosa upendo. Umekosa namna tu. Nionyeshe ile maharagi mbichi."

Mbabazi alileta ungo. Viateur alichukua punje mbili, akaziweka kwenye kiganja chake kikubwa.

"Angalia. Hii inang'aa, ngozi yake iko laini. Ni mupya. Hii ingine imefifia, iko na makunyanzi. Ni ya zamani. Hii mupya inaiva mbio. Hii ya zamani inakataa. Ukingojea ya zamani, mupya inakuwa uji. Usiyapike pamoja. Mwambie bwana yako alete aina moja, ya gunia moja."

"Na haya ya zamani nitupe?"

"Hapana! Chagua yenye kutobolewa na wadudu na yenye ukungu, ile njo utupe. Ingine pika yenyewe, siku uko na nafasi. Iloweshe zaidi."

"Niloweshe? Mimi naosha tu, naweka motoni."

Viateur alishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Maharagi kavu iko na kiu, mama! Jioni unaiweka mu maji mingi, na chumvi kidogo. Inalala mule. Asubuhi imenenepa. Ile maji unaimwaga, unapika na maji ingine. Njo tumbo ya mzee itatulia. Na makaa haitaisha, kwa sababu itaiva mbio."

Mbabazi alisikiliza bila kupepesa macho. Mara hii mawazo yake hayakwenda popote.

"Lakini nyanya nilitia nyingi," alisema. "Kwa nini yamekuwa magumu hivi?"

"Nyanya njo imefunga maharagi! Na ndimu. Kitu ya uchachu inakaza ngozi. Nyanya inaingia mwisho, maharagi ikisha kuiva."

"Baba aliota mchuzi mwekundu. Nilifikiri ni nyanya."

Viateur alimtazama, kisha akacheka mpaka kigoda kikalia.

"Mutu ya Masisi akiota muchuzi nyekundu, ile ni mawese, mama! Mafuta ya ngazi, ile ya muchikichi! Cansilde alipika na mawese."

Mbabazi alirudisha mfuniko juu ya sufuria. Kule Karagwe, kwa shangazi yake, hawakupika kwa mawese. Hakuwahi hata kufikiria. Alikuwa ameifuata ndoto ya mzee, akapotelea kwenye nyanya.

Jumamosi Niyigena alileta maharage ya madoadoa, mapya, ya gunia moja. Walikaa uani wakayachambua pamoja. Walitoa vijiwe na punje zilizotobolewa. Mbabazi aliyaosha, akayatia kwenye beseni kubwa, akamimina maji mengi na chumvi kidogo. Zile punje zilizoelea juu alizitoa. Kisha akabaki ameinama, anayatazama. Kwanza ngozi zilijikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo. Halafu, taratibu, zikaanza kujaa. Ilikuwa kama maharage yanavuta pumzi. Niyigena alimwita mara tatu kabla hajasikia.

Usiku ule Mbabazi naye aliota. Alimwona mama mmoja asiyemjua amekaa mbele ya moto, anapuliza. Mama yule alisogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.

Jumapili, ukungu ukiwa bado chini, alimwaga maji ya beseni akayasuuza maharage. Akayabandika na maji mapya, kitunguu kizima, vitunguu saumu na jani la seleri. Viateur alipita akiwa amevaa suti ya kanisani.

"Moto mukali kwanza!" alisema. "Ichemke kwa nguvu, dakika kumi ao zaidi. Halafu punguza. Iwe inaongea pole pole, kama watu wenye kupendana. Maji ikipunguka?"

"Naongeza ya moto. Si ya baridi."

"Voilà!" Akaenda zake kusali.

Mbabazi alikaa. Sufuria iliongea pole pole. Harufu ilitoka chini ya mfuniko, ikaingia ndani ya nyumba, ikapita mlango wa mzee. Aliminya punje moja kwa vidole. Ilikuwa laini yote, mpaka katikati. Jiko bado lilikuwa na makaa ya kutosha kupika chakula kingine.

Ndipo akachukua kikaango. Akatia mawese, yakayeyuka na kung'aa. Akakaanga kitunguu mpaka kikawa kahawia, kisha nyanya kidogo, akaziacha ziive mpaka uchachu ukaisha. Akachota upawa mmoja wa maharage, akayaponda humo humo, akayarudisha yote sufuriani. Mchuzi ukabadilika rangi mbele ya macho yake, ukawa mzito. Akaonja, akaongeza chumvi, akaepua, akauacha utulie.

Bruce alifika kabla ya saa sita. Alikuwa mtu wa haraka, na barabara ya Kigali ina kona nyingi. Alisalimia, akachukua begi la mzee, akalitia kwenye gari.

"Baba, twende mapema, mvua isitukute."

"Kaa kwanza, shemeji," alisema Mbabazi. "Huwezi kuondoka na mzee hajala."

Aliwawekea mzee na Bruce sahani, na ndizi za kuchemsha pembeni. Mzee Donat aliinamisha uso juu ya mvuke, akafumba macho. Mbabazi aliogopa kwamba amelala. Kisha mzee akachukua kijiko. Akala. Hakushika shavu. Akala tena. Hata Bruce, ambaye alikuwa amekuja kwa haraka, sasa alikuwa anafuta sahani yake kwa kipande cha ndizi.

Sahani ya mzee ikaisha. Akaisogeza kwa Mbabazi.

"Ongeza, mama."

Mbabazi aliongeza.

"Baba," alisema Bruce, akitazama saa yake. "Gari iko tayari."

"Bruce, kabegi yangu iko mu voiture?"

"Iko, Baba."

"Nenda uilete. Sweta yangu iko ndani. Hapa kwetu magaribi kunakuwaka baridi."

Bruce alimtazama baba yake. Akamtazama Mbabazi, ambaye alikuwa amegeukia sufuria ili wasimwone uso. Kisha akasimama, akaenda kwenye gari kulileta begi.