Mdogo Wangu Alinifunga Utepe wa Maiti

Mdogo wangu wa tumbo moja aliniinamia, akaniangalia machoni, akanifunga utepe mweusi mkononi.

"Huyu amekufa," akawaambia wenzake. "Mwacheni."

Na mimi nilikuwa namwona! Nilikuwa napumua!

"Una uhakika?" daktari anayewafundisha akamuuliza.

"Nina uhakika."

Jamani... tulieni niwaeleze.

Mimi nimeishia shule ya msingi. Nafua shuka kwenye bweni la chuo cha udaktari. Mdogo wangu anasoma udaktari hapo hapo. Mama alipofariki, mgongo uliombeba ni huu wangu. Siku hizi akipita na wenzake kwenye kamba zangu za kuanikia, ananipita kama anavyozipita shuka.

Wanafunzi hao hupelekwa porini kujifunza kutibu mtu mahali pasipo na hospitali, wala gari, wala mtandao wa simu. Wanahitaji watu wa kujifanya majeruhi. Tukachukuliwa sisi wa kufua na wa jikoni. Tukapakwa rangi nyekundu, tukaambiwa tulie kwa sauti.

Asubuhi ya mtihani, pale kambini, mdogo wangu akanivuta nyuma ya hema.

"Leo usiniite mdogo wako. Sawa?"

"Kwa nini?"

"We usiniite tu!"

Nikakubali. Mimi ni mtu wa kuangalia, siyo wa kujibizana. Nikaenda kukaa karibu na mpishi wetu, mama mtu mzima, aliyekuwa ameshaigiza na kundi la kwanza la wanafunzi. Mkono umening'inizwa na kitambaa shingoni, machozi yanatiririka.

"Mama, we unajua kuigiza!"

Akanisonya.

Mimi nilipangiwa kuvunjika shingo. Wakanilaza korongoni kwenye mchanga, juu ya machela ya miti. Mdogo wangu ndiye kiongozi wa kundi, akanifunga kamba yeye mwenyewe. Kifuani, kiunoni, miguuni, mpaka paji la uso, nisitikisike.

Sheria yao ilikuwa hivi: mwenye utepe mwekundu anabebwa kwanza kupandishwa mteremko. Mwenye mweusi ni maiti, anaachwa. Na majeruhi akipiga kelele zozote, wasidanganyike, ni sehemu ya mtihani.

Mwekundu ulikuwa wangu. Kila mtu alijua!

Akanipa mweusi.

Wakambeba mfuaji mwenzangu wa "mguu uliovunjika", wakapanda naye. Kamba zangu? Hakuna aliyezifungua.

Mvua ilikuwa inanyesha kule milimani, mimi sikuiona. Nilisikia tu mlio, kama lori linakuja. Kisha mchanga chini ya mgongo ukawa baridi...

Maji!

"Jamani! Maji yanakuja! Nifungueni!"

Juu ukingoni akachungulia mwanafunzi mmoja mrefu, wanamwita Profesa.

"Maiti, nyamaza!" akacheka. "Marehemu haombi msaada!"

"Siigizi! Naapa!"

"Dada, wewe upewe tuzo!"

Akapotea.

Nikamsikia daktari huko juu: "Wagonjwa wote wapo?"

"Wapo!"

Nyie... maiti hahesabiwi pamoja na wagonjwa!

Maji yakafika masikioni. Nikawa nasikia moyo wangu tu. Nikavuta mkono, kamba ikauma. Alinifunga vizuri, mtoto yule. Na kufunga viatu nilimfundisha mimi.

Nikaacha kupiga kelele. Nikasema basi, ndivyo alivyotaka. Niondoke, asiaibike tena.

Ndipo nikasikia...

"DADA!"

Anateremka kwa makalio, matope mpaka usoni!

Daktari anafoka juu: "Rudi! Umemwacha mgonjwa wako! Nakufelisha!"

"Nifelishe! Siyo mazoezi! Huyu ni dada yangu! Dada yangu anakufa maji!"

Mafundo yamelowa, vidole vinateleza. Akang'ata kamba kwa meno. Maji yakanifika mdomoni. Akaingiza bega chini ya machela, upande wa kichwa, akaninyanyua huku anatetemeka mwili mzima.

"Pumua, dada! Pumua!"

Profesa akaja anaporomoka na mkasi mkononi. Kicheko chote kimekauka.

"Samahani... samahani... samahani..."

Kila samahani na kamba yake.

Wakaniburuta mpaka ukingoni. Nikageuka, nikaiona machela inazungushwa na maji kama kijiti.

Nilipopata pumzi, nikamzaba mdogo wangu kofi.

"Kwa nini uliniua?"

Akalia kama alivyokuwa akilia mgongoni kwangu.

"Dada, kundi la kwanza walimdondosha mpishi kwenye ule mteremko. Mkono umevunjika kweli! Daktari akasema mtihani uendelee. Nikaona wewe hawakubebi. Maiti habebwi..."

"Na kunikataa je?"

"Haturuhusiwi kutibu ndugu. Wangenitoa, ungeangukia kundi lingine." Akajifuta matope machoni. "Na... nilikuwa naona aibu pia. Kidogo."

Hiyo "kidogo" iliniuma kuliko kamba. Lakini ndiyo iliyonifanya niamini mengine yote.

Na mimi ninayejisifu kuangalia! Mtu kavunjika mkono mbele yangu, nikamsifia uigizaji!

Wasomaji wangu, kama kuna mtu unamlinda, mwambie. Usimlinde kimyakimya. Aliyelala chini amefungwa hajui kama umemficha au umemtupa.

Mtihani alifeli, ataurudia. Ila asubuhi yake, mbele ya wenzake wote na vikombe vyao vya chai, alinishika bega.

"Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Ndiye niliyemuua jana."



Profesa akasimama, akanipisha kiti chake.

"Marehemu, nikuletee nini unywe?"

"Chochote," nikasema. "Ila siyo maji."