Alama Tatu za Mpini

Kioo cha kabati la fundi kilikuwa kimevunjwa, na katika mashine kumi na mbili za kizamani za kunyolea ndevu, zile za mpini na wembe, moja haikuwapo. Inspekta alizikodolea macho zile kumi na moja. Mbili zilikuwa zimechovywa dhahabu. Mwizi gani huyu anayeacha dhahabu akabeba nikeli iliyochakaa?

Swali zuri, ila lilimjia kwa kuchelewa. Saa moja nyuma fundi alimtaja mfagizi wa duka, na Inspekta, kwa kiherehere chake, akamtia pingu mzee wa watu mlangoni, majirani wakitazama. Sasa mzee alikuwa ndani ya gari la polisi, ameinamisha kichwa. Inspekta alihisi aibu ikimpanda taratibu.

"Hiyo iliyoibwa utaitambuaje?" alimuuliza fundi.

"Kwa namba iliyo chini ya bamba, pale wembe unapolala. Nimeiandika daftarini."

"Ulishaanza kuifanyia kazi?"

"Hata sijaigusa, afande."

Mwenye mashine, mama mjane, alikuwa kwenye benchi, mkoba kifuani. "Niliileta itiwe skrubu tu," alisema. "Bamba lina kona iliyopinda. Marehemu mume wangu aliidondosha kwa furaha alipozaliwa binti yetu wa kwanza. Na kwenye mpini alikata alama tatu kwa kisu, kila mtoto na yake."

Fundi aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Inspekta alichukua kopo la mipini ya akiba akalimwaga mezani. Yote ilikuwa imefubaa isipokuwa mmoja, mpya machoni, laini kabisa. Chini ya kopo kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa bamba lenye kona iliyopinda. Alilifunga kwenye mpini ule, vikakubaliana. Namba ilikuwa ileile ya daftarini.

"Haya, fundi. Sema."

"Nilidhani ni mikwaruzo," fundi alisema. "Mimi nikiona mkwaruzo mkono unaniwasha. Nikapiga tupa, nikapiga msasa, nikaichovya nikeli. Ikatoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Jana mama akapiga simu kunionya nisiziguse alama. Nikamjibu, ondoa shaka."

"Ukavunja kabati lako mwenyewe."

"Niliona heri niitwe niliyeibiwa."

"Na mfagizi?"

"Uliuliza nani mwingine ana ufunguo wa duka. Nikamtaja. Ulipomfunga pingu nilitaka kusema, afande. Nilishindwa."

Mama alipokea mashine akapitisha kidole gumba kwenye mpini, juu, chini, tena juu.

"Wa tatu aliishi siku moja," alisema. "Hatukuwahi hata kumpiga picha. Alama yake ilikuwa upande gani, fundi?"

Fundi alijaribu kukumbuka, ikashindikana. Akajifunika uso kwa aproni yake iliyojaa vumbi la shaba.

Inspekta alitoka nje. Majirani walikuwa bado wamejipanga ukutani. Alifungua mlango wa gari, akafungua pingu, akainama mpaka sikioni kwa mzee.

"Nimekukosea, mzee wangu. Naomba unisamehe."

Mzee alisugua vifundo vya mikono yake, hana haraka.

"Uliponiita mwizi hukuninong'oneza, mwanangu."

Inspekta alivua kofia. Akawageukia majirani, akaanza upya, safari hii kwa sauti.