Baba Aliniita Mchawi, Leo Anataka Nirudi Nyumbani

Baba alinimwagia mafuta ya taa kichwani... mchana kweupe, majirani wakiangalia!

"Ungama!" mchungaji akapiga kelele, kiberiti mkononi. "Sema unamla mdogo wako!"

Jamani, sikulia. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mama alishafariki, na mdogo wangu Glodi alikuwa ndani anatetemeka kwa homa. Wakasema mimi ndiye ninayemroga.

Nilimwangalia baba. Akaangalia chini.

Njiti ya kwanza ikakatika. Nikachomoka mbio.

Naitwa Plamedi, mtoto wa mtaa wa Masina, hapa Kinshasa. Baada ya siku ile nililala chini ya meza za soko. Mwili ulikuwepo tu, umekufa ganzi.

Siku moja mpira ukabingirika mpaka miguuni kwangu. Wasichana walikuwa wanafanya mazoezi kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya soko. Nikaupiga urudi. Ukapita juu ya vichwa vyao vyote, ukaingia golini!

"We mwenye nywele chafu!" kocha wao, Mama Bibiche, akaniita. "Umekula?"

"Mimi ni mchawi." Nilitaka ajue mapema.

"Sijakuuliza kazi yako. Umekula?"

Wale wasichana wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ila nilikula, na nikalala kwake, nimebanwa katikati ya binti zake wawili.

Miaka ikapita, nacheza beki. Mwezi huu klabu kubwa ya wanawake imenisajili, na shule wananilipia. Jina langu likatajwa redioni. Nyumba nzima ya Mama Bibiche ikaruka kwa shangwe... mimi nikaendelea kufunga kamba za viatu.

Kesho yake, nani kasimama mlangoni? Baba!

"Mwanangu, rudi nyumbani."

"Kwani uchawi umeisha?"

Akaangalia chini tena.

"Plamedi... hujawahi kuwa mchawi. Nilijua tangu siku ile."

"Ulijua?!"

"Mama yako hayupo, kazi sina, watoto wanne ndani. Nisingeweza kuwalisha wote. Mchungaji akanipa sababu ya kupunguza mmoja."

Wapendwa, miaka yote nilidhani baba alidanganywa. Kumbe alichagua!

Nikasubiri hasira ije. Haikuja.

"Glodi mzima?"

"Mzima. Anakuulizia sana."

"Jumapili mlete uwanjani anione. Kwangu ni hapa, baba."

Akaondoka. Nyuma yangu Mama Bibiche akafoka:

"Plamedi! Funga mlango, nzi wanaingia! Na vyombo leo ni zamu yako, usijifanye staa!"

Hapo ndipo nikalia. Nililia mpaka nikakaa sakafuni!

Wewe unayesoma hii, kama umefukuzwa kwenu, usikae ukisubiri waliokutupa waje wakwambie ukweli. Wanaweza kuja wakakwambia, na ukweli huo usikusaidie kitu. Kaa na wale wanaokugombeza kwa sababu wewe ni wa kwao.