Mikono ya Kidirishani

Kila siku baada ya shule Chiriku alipitia mkahawani kumsubiri mama yake. Jina hilo alipewa na mpishi, maana mtoto huyo akianza kusema, hata sufuria hunyamaza zimsikilize. Meza yake ilikuwa pembeni, karibu na kidirisha cha jikoni. Hapo alifanya kazi zake za shule, huku mama akizunguka na sinia mkononi kama aliyezaliwa nalo.

Siku moja mama akateleza penye maji, kifundo cha mguu kikavimba. Mwenye mkahawa, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, hakumfukuza. Alimpa kigoda akamweka jikoni aoshe vyombo mpaka apone. Mama alimshukuru Mungu. Hata hivyo, mwisho wa mwezi mwenye nyumba alibisha hodi, na kodi haikutimia.

"Mama, si bado unalipwa?" Chiriku aliuliza.

"Nalipwa, mwanangu. Ila mshahara wetu wahudumu ulipangwa mdogo kwa kuwa wateja hutoa bahashishi. Na bahashishi haipiti kidirishani."

Ndivyo ilivyokuwa. Mteja aliiona sahani imetakata. Mikono iliyoitakasa hakuiona. Alichoacha chini ya kisosi kilikuwa cha mhudumu, na siku hizo mhudumu alikuwa Mrefu peke yake, kijana mcheshi aliyeinama kila alipopita mlangoni.

Alasiri moja fundi cherehani, mteja wa kila siku, aliinua glasi yake kwenye mwanga. "Leo naona mpaka uso wangu humu! Asante, Mrefu." Akaacha noti chini ya kisosi, akaenda zake.

Mrefu alikuwa meza ya mbali. Chiriku aliitazama noti, kisha akakitazama kidirisha. Mikono ya mama ilikuwa kwenye povu, vidole vimekunjamana kwa maji kama vya bibi kizee. Glasi kaosha mama, aliwaza, basi noti ni yake. Akaichukua, akaitumbukiza ndani ya soksi.

Haikupita dakika, zogo likazuka.

"Fundi hajawahi kuondoka bila kuniachia kitu," Mrefu alisema, akimkazia macho mpishi. "Na aliyepita hapa ni wewe."

"Mimi? Miaka yote nakula ukoko, leo ndiyo nile noti yako?"

Tangu hapo hawakusemeshana. Sahani zikawa zinasukumwa kidirishani kwa kishindo.

Jioni mama alirudi nyumbani akichechemea, Chiriku kabeba kikapu. Walipita duka la mkate, wakapita kwa muuza mkaa, na mtoto hajatoa neno. Mama akasimama.

"Chiriku akinyamaza, ama anaumwa ama ana jambo. Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi lete jambo."

Noti ilitoka pamoja na machozi. "Ni yako, mama! Mrefu hakuosha hata kijiko!"

Mama hakugomba. Aliikunjua noti ile, akairudisha kiganjani mwa binti yake. "Pengine una hoja. Lakini haki haichukuliwi kwa kupenya dirishani. Na sasa mpishi wa watu ameitwa mwizi kwa ajili yako. Kesho utasema mwenyewe, mbele yao wote."

Kesho yake Chiriku alisimama jikoni. "Kaka Mrefu, noti nilichukua mimi. Mpishi hakugusa kitu. Nisameheni." Akampa Mrefu noti. Kisha, kwa kuwa ni Chiriku, yaliyobaki yakatoka yenyewe: "Lakini fundi alisifu glasi, na glasi anaosha mama. Mbona mshahara wake ni mdogo kwa sababu ya bahashishi ambayo haimfikii?"

"Wewe mtoto!" mama alimaka.

"Mwache aseme," alisema Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni.

"Bi Mkubwa, mimi napewa mkononi," Mrefu alijitetea. "Aliyepewa kapewa."

"Na mchuzi wangu ungeungua," mpishi akadakia, "ungepewa nini?"

Mrefu akafikiri. "Ningepewa huo mchuzi wenyewe, usoni."

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Mkubwa. Alikuwa akivitazama vidole vya mama. "Nimewatwika wateja mzigo wangu," alisema polepole. "Mshahara ni deni langu, si la fundi cherehani. Tutapandisha bei ya chai kidogo, mishahara isimame kwa miguu yake. Bahashishi ibaki kuwa asante tu. Iingie kopo moja, mgawane wa mbele na wa nyuma."

Mrefu ndiye aliyetangulia kutumbukiza, noti ile ile. Kisha akampa mpishi mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikudhania vibaya."

"Yamekwisha. Ila leo ukoko unakula wewe."

Fundi cherehani alinung'unika alipoona bei mpya. Alipoelezwa sababu, aliinama kidirishani akaita, "Asanteni wa huko nyuma!" Mkono mmoja wenye povu ukatokeza ukampungia.

Kodi ilipolipwa, mama aliketi kitandani akamshukuru Mungu kwa sauti, akiwataja watu mmoja mmoja: Bi Mkubwa, Mrefu, mpishi, hata fundi.

"Na mimi je?" Chiriku aliuliza.

"Nilikuwa nakuja kwako. Wewe namshukuru Mungu kwa ulimi wako. Ulipochukua kwa siri, ulimuumiza asiye na kosa, na mimi sikupata kitu. Uliposema wazi, tumepata sote. Haki ina mlango, mwanangu. Ubishe hodi."

Chiriku akagonga ubao wa kitanda. "Hodi!"