Filimbi ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Nsimire alijitwika beseni la mihogo na kumfuata shangazi yake Euphrasie hadi kiwanja cha ndege cha Kasongo. Kiwanja hicho ni cha udongo mwekundu, kirefu na kilichonyooka, na wakati huo ndege ilitua hapo mara moja tu kwa wiki, siku ya Jumatano. Siku nyingine zote kilikuwa cha watu. Baiskeli zilikikatiza, mbuzi walikula pembeni, na akina mama walianika mihogo na mpunga juu ya udongo mgumu, kwa sababu hapo jua halizuiwi na mti wala nyumba.

"Filimbi ikilia, mihogo inatoka," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Hata kama imebaki kidogo tu ikauke. Papa Nestor hana muchezo."

Papa Nestor alikuwa mlinzi wa kiwanja. Alivaa kofia ya manjano, na filimbi yake ya chuma haikutoka shingoni. Binti yake, Sagesse, alikuwa darasa moja na Nsimire. Nsimire alipofika kutoka Salamabila, ambako wazazi wake wanafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, wanafunzi wengine walimwita "mutoto wa mashimo". Sagesse peke yake alisogea kwenye benchi na kusema, "Kaa hapa." Tangu siku hiyo walisoma kitabu kimoja.

Nsimire alikuwa amemaliza mwezi mmoja tu Kasongo pale ndege ya Jumatano iliporuka kuelekea Kalemie na kuanguka porini, upande wa Kabambare. Watu kumi na saba walikuwa ndani. Hakupona hata mmoja.

Kesho yake mji mzima ulikuwa kimya, isipokuwa shule. Wakati wa mapumziko watoto walisimama mduara, na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

"Ni mafuta," alisema Bienvenu, ambaye baba yake anabeba abiria kwa pikipiki. "Walitia maji ndani ya mafuta. Papa alisikia sokoni."

"Ni uchawi," alisema Rachida. "Bundi alilia siku mbili juu ya nyumba ya mutu mumoja aliyepanda."

"Hapana, ni dhahabu. Ilikuwa nzito kupita kiasi." Bienvenu alimgeukia Nsimire. "Dhahabu ya kwenu. We mutoto wa mashimo, kule iko ndege, ao iko mashimo tu?"

Wote walicheka. Sagesse alikuwa amebaki darasani, akifuta ubao.

"Mimi nilikuwa pale," Nsimire alisema. "Niliona."

Kicheko kilikatika. Kwa mara ya kwanza tangu afike, watoto wote walikuwa wakimtazama yeye na kungoja maneno yake. Akaeleza kwamba Jumatano mwalimu alimtuma kuteka maji kwenye bomba lililo karibu na kiwanja. Kulikuwa na mbuzi katikati ya kiwanja, mbuzi mwenye pembe moja, na Papa Nestor alikuwa akipiga filimbi na kurusha mikono.

"Na ndege?" aliuliza Bienvenu. "Ilikuwa inapita saa hiyo?"

Nsimire alitazama nyuso zilizokuwa zikimngoja. Kisha akasema, "Ndiyo."

Neno hilo moja lilitoka shuleni saa sita mchana. Bienvenu alimwambia baba yake, baba yake akawaambia abiria wake. Kufikia jioni mbuzi alikuwa amegonga gurudumu. Kufikia Ijumaa Papa Nestor alikuwa amelewa. Kufikia Jumapili alikuwa amelala usingizi chini ya mti, na mbuzi walikuwa watatu.

Jumatatu Sagesse hakuja shuleni. Watu walikuwa wametupa mawe juu ya mabati ya nyumba yao, na sokoni hakuna aliyetaka kumuuzia mama yake hata sombe, majani ya mihogo. Shefu wa mtaa alichukua filimbi ya Papa Nestor na kutangaza mkutano siku ya Alhamisi. Ilisemekana kwamba mkutano huo ungeamua jambo moja tu: kama familia hiyo ibaki Kasongo au ihame.

Nsimire alikaa peke yake kwenye benchi. Nafasi iliyokuwa kando yake aliiona kubwa kuliko darasa lote.

Shangazi Euphrasie hakuwepo siku hizo. Alikuwa amekwenda Lusangi kuvuna mpunga kwa ndugu zake, akarudi Jumanne jioni, na habari alikuwa amekwisha kuipata njiani. Hakugomba. Alikaa kwenye mkeka, akavuta beseni la mihogo na kisu, akaanza kumenya.

"Banasema mutoto mumoja aliona," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Vizuri. Nionyeshe. Kwa kila kitu ulichoona ao kusikia wewe mwenyewe, weka kipande cha muhogo hapa, kimoja nyuma ya kingine. Pole pole. Kitu cha kwanza?"

Nsimire akachukua kipande. "Nilikuwa nateka maji. Nikasikia injini inanguruma sana."

"Weka."

"Nikaona vumbi juu ya nyasi." Kipande cha pili. "Ngurumo ikapungua. Kisha nikasikia filimbi." Cha tatu na cha nne. "Nikapita ndani ya nyasi, nikaona mbuzi na Papa Nestor." Cha tano.

"Na ndege? Weka ndege mahali ulipoiona."

Nsimire alichukua kipande cha sita. Alikipeleka karibu na mbuzi, akakirudisha. Alikipeleka karibu na filimbi, akakirudisha. Nyasi za pale zilikuwa ndefu kumpita yeye. Alipotoka kwenye nyasi, kiwanja kilikuwa na vumbi, mbuzi na mtu mmoja. Kipande kilibaki mkononi mwake.

"Sikuiona," alisema kwa sauti ndogo. "Bienvenu aliniuliza, nikasema ndiyo."

Shangazi aliweka kisu chini. "Ile filimbi uliyosikia, ililia namna gani?"

"Mara moja. Ndefu, halafu ikashuka."

"Mutoto wangu, hiyo ni filimbi ya tatu." Shangazi alivuta pumzi. "Makosa mengine ni yangu, maana nilikuambia ya kwanza tu. Siku ya ndege wewe uko darasani. Ya kwanza inatuambia tutoe mihogo na baiskeli. Ya pili ni fupi fupi mbili: hata kuku asipite. Ya tatu Papa Nestor anaipiga ndege ikisha kuwa hewani. Anatuita na kwa mikono: rudini, njia ni yenu. Na mbuzi banajua saa hiyo kuliko watu. Banarudi mbele yetu."

Nsimire alitazama mstari wa mihogo. Injini, vumbi, ngurumo kupungua, filimbi, mbuzi. Kila kitu kilikuwa kweli, na yeye alikuwa amekigeuza uongo kwa neno moja.

"Hata mimi niliiona ile ndege," shangazi aliendelea. "Ilipita juu ya Lusangi, juu kabisa, na sauti yake ilikuwa ya kila siku. Lakini mimi si fundi wa ndege. Nitasema tu kwamba ilipita."

"Shangazi, tukamwambie shefu. Wewe atakusikiliza."

"Neno ni la nani?"

Nsimire alikusanya vipande vya mihogo, akavirudisha ndani ya beseni. "Ni langu," alisema mwishowe. "Nitalifuata mwenyewe. Kila mahali lilipopita."

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya darasa na kusema kwamba hakuiona ndege. Alieleza habari ya filimbi ya tatu.

"Juzi uliona, leo hukuona," Bienvenu alisema. "Kesho utasema wewe ndiye ulikuwa unaendesha."

Darasa likacheka tena. Safari hii Nsimire aliacha wacheke mpaka wakachoka. "Papa yako anaegesha pikipiki wapi?" aliuliza.

"Mbele ya soko. Kwa nini?"

"Nitaenda kumwambia na yeye."

Alikwenda kweli. Baba yake Bienvenu alimsikiliza akiwa amekalia pikipiki yake, akakuna kidevu. Wenzake wawili walisema mtoto huyo ametumwa na Papa Nestor. Lakini yeye alisema, "Kama ni hivyo, mutu wa kwanza wa kuambiwa si mimi. Ni Mama Olga. Mimi mwenyewe nilimupelekea habari hiyo kwenye matanga."

Mumewe Mama Olga, Magloire, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa mmoja wa wale kumi na saba. Nsimire alipofika, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, na Mama Olga katikati yao, kitambaa cheusi kichwani. Yeye ndiye aliyemwomba shefu aitishe mkutano. Nsimire alipiga magoti mbele yake, akampa pole, kisha akasema yote bila kuruka kitu.

Mama Olga hakumtazama. "Ulisema uliona mbuzi."

"Mbuzi nilimuona, Mama. Ndege ndiyo sikuiona."

"Kama si Nestor, ni nani basi? Niambie. Ni nani aliyeniulia Magloire?"

"Sijui, Mama. Hakuna mutu anayejua bado."

Mara kitu kikalia nyuma ya jiko, na Nsimire akageuza shingo. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, akitafuna maganda ya ndizi. Pembe yake ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia haikuwepo.

Nsimire angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amechoka kubeba neno lisilo mahali pake.

"Mama," alisema, "mbuzi niliyemuona ni yule."

Wanawake wote waligeuka. Mmoja alishika mdomo. Mama Olga alimtazama mbuzi wake kwa muda mrefu.

"Siku ile hakuna aliyemufunga," alisema polepole. "Mimi nilikuwa nasindikiza Magloire kwenye ndege, nikarudi kabla haijaruka. Basi kama ni mbuzi iliyomuua, ni mbuzi yangu. Ni mimi."

"Hapana, Mama." Nsimire alimshika mkono, akasahau kwamba anaongea na mtu mzima. "Filimbi ilikuwa ya tatu. Ndege ilikuwa imekwenda. Si mbuzi yako, na si Papa Nestor. Na angalia, mbuzi iliyogongwa na ndege haiwezi kula maganda ya ndizi."

Mwanamke mmoja aliachia kicheko kidogo, akakikata kwa aibu. Mama Olga hakucheka. Lakini hakuuondoa mkono wake.

Siku ya Alhamisi watu walijaa mbele ya nyumba ya shefu. Papa Nestor alikaa kwenye kiti, kofia magotini, mke wake na Sagesse nyuma yake. Nsimire alitaka kusimama kwanza, lakini Mama Olga alikuwa amekwisha simama.

"Mutoto huyu alikuja kwangu jana," alisema, "na mutamusikiliza sasa hivi. Lakini mbele yake nasema mimi. Mbuzi munayoongelea ni yangu, na iko hai. Kama mungefukuza mutu kwa sababu yake, mungenifukuza mimi, mujane. Ninataka kujua kilichoangusha ndege kuliko ninyi wote. Lakini kutaka kujua si kujua. Nilitafuta mutu wa kulaumu kwa sababu kungoja kunauma. Wanaochunguza ndege watakuja. Tuwangoje, na mutu aliyeona aseme alichoona tu. Asichoona, akiache."

Kisha Nsimire akasimama na kusema vitu vyake vitano. Alipofika kwenye filimbi, akina mama wanaoanika mihogo walitikisa vichwa kukubali. Waliijua ile sauti. Wengine walitazama chini, maana walikuwa wamerudia habari hiyo siku nyingi bila kuuliza filimbi ililia namna gani. Shefu aliingia ndani, akatoka na filimbi, akaiweka juu ya kofia ya Papa Nestor.

Papa Nestor aliivaa shingoni. Alimpa Mama Olga mkono, kisha akamtazama Nsimire. "Kuogopa uliogopa," alisema. "Lakini ulikuja."

Sagesse hakusema neno siku hiyo. Jumatatu alirudi shuleni, akakaa benchi la mbele, mbali. Jumanne pia. Jumatano alikuja na kitabu chake, akasimama kando ya Nsimire na kusema, "Sogea."

Wachunguzi walifika baada ya wiki mbili. Walipima kiwanja, wakamwuliza Papa Nestor maswali, wakamwuliza Nsimire pia. Walisema jibu litachukua miezi mingi. Ndege ilipoanza tena kuja, mji ulikuwa bado unangoja.

Siku hiyo ilikuwa likizo, na Nsimire alisimama nyuma ya nyasi na beseni lake la mihogo. Karibu naye alikuwa Mama Olga, ameshika kamba ya mbuzi wake kwa mikono miwili. Bienvenu alifika akisukuma baiskeli.

"Nasikia ilikuwa mafuta kweli," alinong'ona.

"Ulisikia, ao uliona?"

Bienvenu alifikiri. "Nilisikia."

"Basi ukiwaambia watu, sema hivyo hivyo."

Injini ilinguruma, vumbi likapanda, ndege ikapita mbele yao na kuinuka. Waliitazama mpaka ikawa nukta juu ya mto Lualaba. Kisha filimbi ikalia mara moja, ndefu, ikashuka. Mama Olga akalegeza kamba, na Nsimire akaingia kiwanjani kuanika mihogo.