Siki Kwenye Chupa ya Tatu

Kila alasiri kengele ilipolia, wenzake walitimka kwenda uwanjani, na Kimya akabaki peke yake katika chumba cha sayansi. Hilo la Kimya lilikuwa jina la utani. Zamani walikuwa wawili, lakini rafiki yake alihama na wazazi wake, na kiti cha pili kikabaki kitupu. Siku hizi Kimya alizungumza na chupa zake.

Zilikuwa tatu, kila moja ina mwani wa kijani wa bwawani na kiasi kilekile cha shaba iliyoyeyushwa. Ya kwanza haikuwa na siki, ya pili ilikuwa na kidogo, ya tatu nyingi. Kimya alikwisha kujigamba darasani kwamba maji yenye asidi kali yatafanya mwani unywe shaba zaidi. Mjomba wake, fundi wa maji, alingojea jibu. Alitaka mwani usafishe bwawa la karakana ya vyuma, lenye asidi na shaba, ambalo maji yake hushuka hadi bustani za mboga.

Siku ya tano alipima maji. Chupa ya tatu ilikuwa bado na shaba tele! Ya kwanza ndiyo iliyobaki na kidogo.

"Watanicheka," alinong'ona. Hakukuwa na mtu wa kumjibu, "Waache wacheke." Akabandua karatasi za majina ya chupa ya kwanza na ya tatu, akazibadilisha.

Kesho yake mjomba alifika, akasoma majina na vipimo vya chupa mbele ya mwalimu wa sayansi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kwa hiyo nisitie chokaa bwawani kupunguza asidi? Niyaache maji na ukali wake?"

Kabla hajajibu, mwalimu wa sayansi aliinua chupa iliyoandikwa "bila siki", akainusa, akapiga chafya. "Pua yangu imezeeka, au vipi?"

Kimya angeweza kucheka tu, yakaisha. Akazikumbuka zile bustani.

"Nimebadilisha majina, mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilibashiri vibaya, nikaona haya."

"Kumbe chokaa inahitajika!" mjomba akashusha pumzi.

Mwalimu akavuta kile kiti kitupu, akaketi. "Asidi ikizidi, chembe zake huwahi viti vyote kwenye mwani. Shaba inakosa pa kukaa, inabaki majini. Kubashiri vibaya si kosa, binti yangu. Kosa ni kuficha ulichokiona, maana wapo watakaokunywa uongo wako. Haya, lete chupa. Leo tunapima wawili."